Herufi Kubwa ya Marehemu Onyango

Kemuma alikuwa mwoga wa Mungu na mwoga wa herufi, na kwake hofu hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Tuliketi baraza moja mjini Migori, mimi na cherehani yangu, yeye na taipureta yake, miaka ile wilaya yetu ikiwa bado mpya na kila mtu ana barua ya kumwandikia mkubwa fulani. Kwa hiyo ninayosema juu yake sikuyasikia kwa watu. Niliyaona mwenyewe, na mara nyingi yalinichosha.

Alikuwa Mkisii, Msabato wa kuzaliwa, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo wateja waliinamia ili waisikie. Wateja wetu Wajaluo walimwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na yeye akaniita Mama Liz kwa jina la binti yangu. Alisomea kupiga chapa katika chuo kimoja huko kwao, na mwalimu wake akampa kanuni ya Kiingereza ambayo aliishika kama amri ya kumi na moja: jina la mtu na la mahali huanza kwa herufi kubwa, na kila kinachomhusu Mungu vilevile. Ungedhani mambo yameishia hapo. Kumbe ndipo yalipoanzia.

Jumapili ilimuuma. Kwa Kiingereza siku zote za juma hupewa herufi kubwa, na yeye hakuelewa kwa nini Jumapili ilingane na Sabato. Shetani alimchapa kwa herufi ndogo kwa makusudi, mpaka mchungaji mmoja akamrudishia mahubiri yake yote na kumwambia, "Dada, hata adui ako na jina." Basi Shetani akapandishwa cheo, huku malaika, watumishi wasio na kosa, wakibaki wadogo. Siku moja aliacha kuchapa katikati ya mstari, kidole kikaning'inia hewani kama kawaida yake akikwama, akanigeukia.

"Mama Liz, Remba naweka capital. Mbinguni naweka small. Sasa Remba ni kubwa kuliko mbinguni?"

"Kwa wingi wa baa, ndiyo," nikamjibu. Kile kisiwa cha wavuvi nakijua.

Hakucheka. Hata majina yetu yalimtatiza. Nilimweleza kwamba sisi Wajaluo humpa mtoto jina kwa wakati au hali aliyozaliwa nayo. Akasema kwamba mvua ikinyesha shambani inaandikwa kwa herufi ndogo, lakini ikinyesha siku mtoto anazaliwa akaitwa Okoth, inapata kubwa. "Na ni mvua ile ile," akasema, kwa huzuni ya kweli. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitaka kumfinya, maana mteja alikuwa amesimama akingoja barua yake.

Mgogoro wenyewe ulikuja na kijana aitwaye Byron, kutoka upande wa Homa Bay. Alivaa kanzu nyeupe yenye taa iliyodariziwa kifuani kwa uzi mwekundu, tena vibaya, nami ni fundi, sikuweza kuacha kuitazama. Alitaka programu ya mazishi. Siku hizo mazishi yasiyo na programu ya Kiingereza yalionekana ni ya mtu asiye na watu. Marehemu alikuwa James Onyango, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, huko Remba, ambaye siku moja alisikia sauti ikimwita kutoka majini, akaacha omena, akarudi kwao kando ya ziwa na kuanzisha kanisa aliloliita Nyumba ya Taa. Byron, aliyekuwa naye tangu Remba, alikuwa katibu wake.

Kemuma alipokea karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akaichapa safi. Alasiri Byron akarudi, akasoma, akakunja uso.

"Madam, umemshusha."

"Nimeshusha nani?"

"Yeye. Angalia hapa: *he* was born, *he* was called. Sisi tuliandika na capital kila mahali. Wewe umeweka small."

"Lakini capital ya namna hiyo ni ya Mungu peke yake," Kemuma akasema. Alidhani anamsaidia.

"Sasa umeelewa," Byron akasema.

Kemuma hakuwa ameelewa. Mimi nilielewa, nikasimamisha cherehani. Byron akamwambia achape upya vile Kiingereza kinavyotaka, lakini ajue Kiingereza kinataka kubwa. Akaondoka na kanzu yake.

Kesho yake asubuhi wakaja wawili: mjane mwenyewe, Emmaculate, amejifunika koti la mumewe ingawa jua lilikuwa kali, na Jaduong' Jeremiah, mzee wa ukoo, kaka mkubwa wa marehemu. Niliwapa benchi la wateja wangu. Mzee ndiye aliyeanza, kwa fahari ya mtu aliyebuni jambo.

"Madam, hujui sababu ya kazi hii kuletwa kwako. Hawa watu wa Taa wanasema ndugu yangu ni Mungu. Sisi watu wa ukoo tunasema ni ndugu yetu. Tulikuwa karibu kupigana na jembe. Nikasema, hapana, Kiingereza iko na sheria na haina ukoo. Karatasi iandikwe Migori, na mtu si wetu na si wao. Akiandikwa kubwa, ni Mungu. Akiandikwa ndogo, ni mtu. Wote wakakubali."

"Wakakubali?" nikauliza, ingawa sikuulizwa.

"Wakaapa."

Nilimtazama mzee yule nikatamani kumchapa kwa rula yangu ya mbao. Watu wazima, wenye mvi, wamempeleka maiti wao kwenye kanuni za Kiingereza ziwaamulie, na msichana wa watu hata hajaambiwa kwamba amefanywa hakimu! Kemuma alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Na akiwa Mungu, inakuwaje?" akauliza.

Hapo Emmaculate akasema. "Akiwa Mungu hazikwi kwake. Wanambeba, wanamweka kule mlimani wangoje aamke. Na mimi silii. Mungu hafi, na mtu hajakufa huwezi kumlilia. Toka afe sijalia, mama. Nikifungua mdomo wanaimba. Na kwetu bibi ya mtu ndiye anapiga nduru kwanza, wengine wanafuata. Sasa hata dada zake wananingoja. Watu wanakuja matanga wanakaa kimya kama wako benki." Akavuta koti. "Mimi naomba kitu moja tu. Nilie bwana yangu, azikwe kwangu."

"Usimwambie ya kuandika," mzee akamkatiza. "Tuliapa." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, nami nikaona kwamba yeye naye alikuwa hajamlilia ndugu yake. Akaongeza kwamba Kemuma ndiye atakayezileta programu kwa mkono wake mbele ya watu wote, upande wowote usije ukazigusa njiani.

Walipoondoka Kemuma hakugusa taipureta. Alivaa sweta yake akaenda kwa Mwalimu Nyakundi, mzee mstaafu aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote na ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimpunguzia suruali. Alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

"Anasema wengine wanaandika kubwa, wengine ndogo. Anasema Maandiko ya zamani ya Kiingereza yanaandika ndogo. Hata kwa Mungu mwenyewe, Mama Liz! Nimeangalia ya kwangu. Ni kweli. Nimesoma tangu utotoni na sikuona."

"Sasa?"

"Sasa nikiweka ndogo, bado anaweza kuwa Mungu. Nikiweka kubwa, bado anaweza kuwa mtu. Ni heshima tu, si sheria. Mwalimu amesema hivyo. Kama si sheria, mimi ninachapa nini?"

"Chapa ndogo! Yule mwanamke ni mjane!"

"Na kama kweli Mungu alimtembelea huko Remba? Mimi ni nani nimshushe?"

"Kemuma, huyo alikuwa akiuza omena!"

"Petro pia alikuwa mtu wa samaki."

Hapo akaninyamazisha, ingawa baadaye nilikumbuka kwamba Petro naye alizikwa. Hasira zangu huniletea majibu watu wakishaondoka. Nilikanyaga cherehani nikashona pindo la gauni upande wa nje.

Alikaa mchana kutwa amekishikilia kidole hewani. Akichapa mstari, anaitoa karatasi, anaikunja. Aliomba. Alikunywa chai ikapoa. Kisha, jua likianza kushuka, nikasikia taipureta ikilia mfululizo bila kusita, jambo ambalo halijawahi kutokea, na Kemuma akiwa anatabasamu. Alikuwa amebonyeza kile kitufe cha herufi kubwa kikagota chini, na anachapa programu nzima, kutoka jina la marehemu mpaka sala ya mwisho, kwa herufi kubwa tupu.

"Zote ni sawa," akasema. "Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka. Sijaamua chochote."

Ninakiri nilimsifu. Niliona ni akili.

Siku ya mazishi nilifunga kazi nikamsindikiza. Hakujua Kijaluo, na mimi, nisiwafiche, nilitaka kuona. Tulipita Rongo, tukafika Homa Bay, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu hadi kwenye boma lile lililotazama ziwa. Jambo la kwanza lililonishtua ni ukimya. Mazishi ya kwetu huyasikia kabla hujayaona, lakini pale umati wote ulikaa chini ya turubai na ungeweza kusikia kuku akiparua. Kando ya nyumba kaburi lilikuwa limepimwa kwa kamba na vigingi, halijachimbwa, majembe yameegemezwa ukutani. Upande wa pili watu wa Taa walikuwa wamefyeka njia ya kupandia mlimani. Emmaculate aliketi mkekani karibu na kichwa cha jeneza, koti la mumewe mabegani, macho makavu.

Kemuma akakabidhi boksi la karatasi kwa mikono miwili. Jaduong' Jeremiah akavaa miwani, akachukua moja. Byron akasogea, wazee wa ukoo wakasogea. Mzee akapitisha kidole juu ya mistari polepole mpaka akakifikia kile kineno, HE.

"Ni kubwa!" Byron akapaza sauti. "Wazee, ni kubwa!"

Watu wa Taa wakaanza kuimba. Kemuma akawa anasema kitu kwa kile kisauti chake, na hakuna aliyesikia, kwa hiyo nikasema mimi, na mimi husikika.

"Jaduong', soma chini! Hapa imeandikwa chai, saa saba. Chai nayo ni kubwa. Mtaipeleka mlimani?"

Baadhi walicheka. Byron hakucheka. "Chai ni chai, mama. Tuliapa juu ya yeye."

"Niliandika zote hivyo," Kemuma akasema, sasa akisikika kidogo. "Nilitaka... sikutaka kuchagua, baba."

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Binti yangu, mimi nauliza kitu moja. Hapa kwa ndugu yangu, ni kubwa ama si kubwa?"

Kemuma akakitazama kile kineno. Kulikuwa na jibu moja tu la kweli, naye hakujua kusema uongo.

"Ni kubwa."

"Basi, karatasi imesema." Mzee akaishusha ile karatasi. Alikuwa amenaswa na ujanja wake mwenyewe, na mbele ya ukoo mzima hakuweza kurudisha kiapo nyuma. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, sijui kipi kilizidi.

Vijana wenye kanzu wakalizunguka jeneza wakashika vipini. Emmaculate alichukua ukosi wa lile koti akautia mdomoni, akauma.

Kemuma aliliona hilo. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikaona anavyoliona. Na kabla sijamshika mkono alikuwa amejitupa chini mchangani, na sauti iliyotoka ndani yake sijawahi kuisikia barazani kwetu. Alipiga nduru ya Kikisii, nduru ya kwao, mikono kichwani, akigaagaa na gauni lake la Sabato. Maneno sikuyaelewa ila jina la Onyango. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akiomba msamaha, lakini hakuwa na hakika aliyekuwa akiombwa ni Onyango au ni Mungu.

Wimbo ulikatika. Wote walipigwa na butwaa, maana mgeni alikuwa ametangulia kulia kabla ya mke, jambo ambalo halifanyiki. Kisha wanawake wakaanza kunong'ona, na mimi nikasikia, nikajua hatari inakuja.

"Huyu nyar Kisii ni nani wake?"

"Si anatoka Migori? Onyango si alikuwa anapeleka omena Migori?"

"Yawa! Kila wiki."

Nikamwinamia. "Kemuma, nyamaza! Watakufikiria vingine!"

"Mama Liz, nimefanya nini?" akaniuliza katikati ya kwikwi, macho yamemtoka. "Nimefanya nini tena?"

Emmaculate alikuwa amesimama. Koti lilimdondoka mabegani. Akawasukuma vijana wa Taa, akaja mpaka pale mchangani akasimama juu ya Kemuma.

"Wewe! Unamlilia bwana yangu kama nani?"

"Mimi... sijui," Kemuma akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Hujui? Mimi nimekaa hapa nimemeza machozi mpaka tumbo imejaa, na wewe utoke Migori unitangulie? Unitangulie kwa bwana yangu?" Akaligeukia jeneza. "Onyango! Amka uniambie huyu ni nani! Si unaweza kuamka? Onyango!"

Alingoja. Nawaambia, alingoja jibu kweli, mkono kiunoni, vile mke anavyomngojea mume aliyechelewa kurudi. Sote tulingoja naye. Jeneza likanyamaza.

Ndipo akapiga nduru. Ilianza chini ikapanda, na dada za marehemu wakaidaka, na shangazi zake, na wanawake wa kijiji kizima, mpaka ng'ombe wakashtuka mazizini. Nami nililia, Mungu anisamehe, kwa ajili ya mtu nisiyewahi kumwona. Emmaculate alilizunguka jeneza akilipiga kwa viganja, akimlaumu mumewe kwa Kijaluo kama wajane wa kwetu walaumuvyo, kwamba ameondoka bila kuaga, kwamba aliacha biashara akamfuata asiyemjua, kwamba sasa kitanda kimekuwa kipana. Kisha sauti ikamshuka.

"Onyango, nani atakoroma? Onyango wangu, nyumba imenyamaza. Nani atanikoromea mpaka nigonge ukuta?"

Byron alikuwa bado ameshika kipini cha jeneza. Alimtazama yule mama, akalitazama jeneza, na vidole vikaachia kimoja kimoja.

"Alikuwa anakoroma kweli, mama," akasema. "Kule Remba tulimhamishia banda ya nyavu, na bado tulikuwa tunamsikia."

Akaketi mchangani na kanzu yake nyeupe, karibu na Kemuma, akalia akimwita James. Jaduong' Jeremiah alimwangalia. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaenda ukutani akachukua jembe.